Rejeta ya Pili ya Konokono

9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, baba anaendelea vizuri, na ile mashine yako ya kufulia imeacha kutembea jikoni. Mimi sijambo, ila mgongo tu, na hilo ni kwa sababu nalala zaidi chini ya gari kuliko kwenye kitanda kilichomo ndani yake.

Najua umepiga simu. Hapa chini ya mlima mtandao unakuja na kuondoka kama paka wa jirani, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Dereva wa basi la buluu amekubali kubeba barua zetu, kwenda na kurudi. Usimpe kitu, nimemtengenezea breki.

Shida ni Konokono. Unazijua tabia zake tangu baba alipomnunua kama chuma chakavu, akamwekea kitanda, sinki na kabati na kutuambia kwamba siku moja tutazunguka naye dunia nzima. Injini yake iko nyuma, haina maji, inategemea upepo na oili tu. Kwenye tambarare anaimba. Mlimani, kabla ya kona ya pili, oili inachemka, mshale wa joto unalala kwenye nyekundu na harufu inajaa mpaka kwenye mto wa kulalia. Nimejaribu mara mbili nikarudi kinyumenyume, watu wa malori wakinitukana kwa zamu.

Mwenye gereji hapa anaitwa Kidevu, ingawa hana hata unywele mmoja wa ndevu. Anasema injini ya umri huu, zaidi ya kirejeta chake cha kiwandani, lazima iongezewe rejeta ya pili ya kupoza oili peke yake, ifungwe chini ya sakafu, na mipira yake ya kupitishia oili na feni yake. Kama mtu anayepumua kwa pua moja, unamfungulia na ya pili. Nimekubali. Ikishafungwa, naupanda mlima, nateremka upande wenu, nakuja kushika zamu kama tulivyosema.

Nitafika kabla hujamaliza kuninung'unikia. Msalimie baba.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na alama ya kidole cha grisi kwenye kona, nikajua si ya kughushi. Sisi hatujambo. Mashine bado inatembea. Jana ilifika mpaka mlangoni, nikaionea wivu.

Baba anakula asubuhi, mchana anagoma. Upande wake wa kulia haumtii kabisa. Na neno ni lilelile moja. Tangu kiharusi kimpate hajapata neno jingine zaidi ya "bado", lile alilokuwa akituambia gereji tukimuuliza kama gari la watu limekwisha. Chai imetosha? Bado. Umelala? Bado. Juzi nilimuuliza kama amechoka kuoshwa na binti yake kama mtoto mchanga. Akaangalia dirishani, kisha akasema bado. Nilicheka, ningefanya nini.

Sasa nikueleze hali yangu, maana hukuuliza. Lifti ya jengo imekufa na hakuna anayezungumzia kuizika. Tuko ghorofa ya nne, na dirisha letu linatazama ukuta wa ghala la magodoro. Ule ukuta naujua doa kwa doa kuliko ninavyojua uso wangu. Nikitaka mkate, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu anapanda kukaa na baba muda wa kupiga pindo la sketi moja, nami nashuka mbio na kupanda mbio. Hayo ndiyo matembezi yangu. Mimi, niliyezoea kupima barabara mwezi mzima bila kuona mlango.

Nilikuja kwa wiki mbili tu, wewe ni shahidi. Huu ni mwaka wa tatu. Ofisi wameniambia kikosi kinaondoka mwisho wa mwezi wa tisa kupima barabara mpya ya nyanda za juu. Nafasi yangu wanaishikilia mpaka hapo, baada ya hapo wanampa mwingine. Wewe mwenyewe ulisema utakuja kushika zamu, sikukushikia fimbo. Nimebanwa, mdogo wangu. Kuna asubuhi naamka na kusahau kidogo kwamba miguu kazi yake ni kwenda mahali.

Nilimsomea baba habari za rejeta. Aliinua kidole cha kushoto akakizungusha hewani. Nadhani anauliza habari za feni. Mwandikie.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi na basi la buluu lilipita siku ambayo nilikuwa nimekwenda kutafuta mipira. Mimi mzima. Kidevu amepata mjukuu wa kike, gereji nzima tulikunywa soda. Fundi cherehani hajambo? Mwambie pazia alilomshonea Konokono bado linafunga vizuri.

Mwambie baba hivi, maana najua atataka kila kitu. Filta ya oili tumeitoa, pale kati yake na injini tukaweka kipande cha chuma chenye midomo miwili, na ndani yake kijilango kinachofunguka chenyewe oili ikishapata moto. Mdomo mmoja unatoa oili kwenda kwenye rejeta, mwingine unaipokea ikirudi. Rejeta tumeining'iniza chini ya sakafu mbele ya injini, juu kidogo ili mawe yasiipate. Nilikata vipande vya tairi kuukuu nikaviweka kwenye nati, isitikisike ikapasuka. Mipira nimeipitisha mbali na bomba la moshi na kuifunga klipu mbilimbili. Feni ni mpya kabisa, ya dukani, inavuta hewa safi ya ubavuni na kuipitisha kwenye rejeta, halafu joto linatupwa chini barabarani. Nyaya za feni nimefunga kwa mkono wangu, sikumruhusu Kidevu kugusa. Nimefuata alivyotufundisha baba.

Kazi nzuri, hata Kidevu alipiga mluzi. Basi tukapanda mlima. Dada, hata kona ya pili hatukuiona. Mshale ulikwenda kwenye nyekundu haraka kuliko zamani. Rejeta mbili, joto mara mbili. Niliketi pembeni ya barabara nikamwangalia Konokono, naye akaniangalia.

Sijui sasa. Labda pampu ya oili imechoka, na ikiwa hivyo itabidi injini ishushwe, na hilo si jambo la wiki moja. Usinihesabie siku, tafadhali. Najitahidi.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera kwa Kidevu. Sisi wazima. Fundi cherehani anasema pazia lile ni kazi yake bora na hujawahi kumshukuru.

Usishushe injini. Feni yako inazunguka kinyume.

Nilikuwa namsomea baba. Nilipofika pale ulipoandika kwamba umefunga nyaya kama alivyotufundisha, mwili wote ulianza kumtikisika. Nilidhani kiharusi kimerudi, nikatupa barua nikamshika. Kumbe anacheka. Kicheko cha upande mmoja, machozi yanatoka kwenye jicho la kushoto, na kidole kinazunguka hewani halafu kinarudi kinyume. Ndipo nami nikaelewa, nikaketi sakafuni tukacheka wote wawili mpaka fundi cherehani akapanda kuuliza kuna nini.

Kumbuka baba alivyokuwa na roli moja tu ya tepu, nyeusi, na kila waya wenye umeme aliuzungushia ile. Kwetu mweusi ndio wenye moto. Tumekua hivyo. Gari zima la Konokono liko hivyo. Lakini dunia yote iliyobaki, mdogo wangu, moto ni mwekundu. Feni ya dukani haijui mambo ya ukoo wetu. Umeunga mweusi kwenye moto, ikakubali na ikazunguka, ila inavuta joto la barabarani na la bomba la moshi na kulipuliza kwenye injini. Umemfungia Konokono jiko. Hakuna fundi mwingine duniani angeweza kukosea namna hiyo, ni wewe na mimi tu.

Chukua kipande cha karatasi, kishike chini ya rejeta feni ikiwa inawaka. Kikinyonywa kwenda juu, badilisha zile nyaya mbili. Ni kazi ya kumaliza chai ikiwa bado moto.

Sijacheka hivyo tangu niingie nyumba hii. Sasa njoo. Nimeshatoa buti zangu chini ya kitanda na kuzipaka dawa.

Dada yako


22 Agosti

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi huku vumbi tu. Mjukuu wa Kidevu ameanza kucheka, na Kidevu amekuwa hafai kwa kazi yoyote.

Ulisema kweli kuhusu feni. Karatasi ilinyonywa mpaka ikakwama. Nimebadilisha nyaya, na nimeandika chini ya sakafu kwa rangi, kubwa kabisa, ili anayekuja baadaye asitukanwe na ukoo mzima. Mwambie baba nimeona aibu yangu.

Ila bado kuna mambo. Mpira mmoja unatoa jasho la oili pale kwenye klipu, si jingi, tone moja moja, lakini tone ni tone. Na kile kijilango sikiamini, naona kinachelewa kufunguka, kwa hiyo nimeagiza kingine, na kinatoka mbali. Halafu breki za nyuma. Siwezi kuteremka mlima na breki za kubahatisha, hata wewe ungenikataza. Nimekuwa nikimjaribu taratibu, mpaka kona ya kwanza, kona ya pili, basi.

Baridi imeanza kuuma, naendesha na koti. Mama wa kantini pale mizani ya malori ameniuliza kama namuuza Konokono. Nikamwambia huyu si gari, ni ndugu.

Vumilia kidogo tu, dada. Najua unavumilia.

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mashine imekufa.

Mizani iko juu kabisa ya mlima. Ile barabara niliipima mimi, kigingi kwa kigingi, kwenye mvua, kabla hujajua kushika usukani. Hakuna mizani nyingine. Kutoka kona ya pili kwenda mizani kuna kona ambazo naweza kukuchorea nimefumba macho. Na huko chini kwenu miezi hii watu hawavai koti. Koti linavaliwa juu.

Umeshaupanda mlima. Umefika mpaka mahali ambapo kilichobaki ni kuteremka tu, ukageuza.

Tangu nilipoisoma barua yako siongei vizuri na mtu. Nimemfokea fundi cherehani, nimemfokea baba kwa kumwaga uji, halafu nikakaa bafuni na taulo mdomoni ili asinisikie. Nimechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Tone moja, kijilango, breki. Mimi nakaa hapa natazama ukuta, nakuombea mipira isipasuke, na wewe unakunywa chai mizani.

Kikosi kinaondoka mwisho wa mwezi. Sikuulizi tena habari za gari. Nauliza una nini. Jibu hilo tu, na usiniandikie habari za mjukuu wa mtu.

Dada yako


15 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Naogopa.

Nimeandika barua nyingi za kuzunguka neno hilo nikazichana. Konokono ni mzima. Ni mzima tangu ulipotuambia habari za feni. Kila Jumamosi asubuhi najiambia leo ndiyo leo, napakia vyombo, napanda. Mshale haugusi hata nusu. Nafika mizani, nakunywa chai, naiona barabara inavyoteremka upande wenu, na mikono inageuza usukani. Kidevu haulizi. Akiniona narudi anasogeza gari lake ili nipate nafasi yangu ileile.

Unaikumbuka siku ile hospitali? Ulikwenda kuongea na daktari ukaniacha na baba. Nilimshika mkono, naye akanishika kwa ule wa kushoto, hakuachia. Nilitaka maji, hakuachia. Nesi alikuja kuvibandua vidole kimoja kimoja. Nilikuambia naenda kuleta gari. Sijaingia kwenye nyumba yenu tangu siku hiyo.

Naona wewe uliingia kwa wiki mbili na mlango ukafungwa. Nami nikiingia utafungwa hivyohivyo, nitabaki na ule ukuta na ule mkono. Nampenda baba, Mungu anajua. Lakini nikifikiria ngazi zile za ghorofa ya nne pumzi inakata.

Tafuta mtu mwingine, dada. Mimi si mtu wa kutegemewa, sasa umejua. Mpe nafasi mtu mwenye moyo.

Mdogo wako


28 Septemba, Jumamosi

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za nyumbani ni kwamba nyumbani hakuna mtu. Funguo anazo fundi cherehani.

Nilikaa na barua yako siku nzima. Nilijiandaa kukasirika, hasira ikakataa kuja. Ulichoandika ndicho ninachohisi kila nikiipanda ngazi ile na mkate mkononi. Na ule mkono naujua, mimi huubandua kila siku nikitaka kwenda jikoni. Ungeniambia mapema tungekuwa tunaogopa wawili, ingekuwa nafuu.

Kisha nikamtazama baba anavyotazama ukuta. Muda wote huu nimefikiri mimi ndiye niliyefungiwa, na wewe ndiye unayekwepa kufungiwa. Sikumhesabu yeye. Huyu mtu maisha yake yote alikuwa na nyumba moja aliyoitaka, akaitengenezea kitanda na sinki, na hakuwahi kulala ndani yake hata mara moja, kwa sababu magari ya watu hayakwisha. Tulikuwa tukimuuliza tunaondoka lini, akasema bado. Ghorofa hakuichagua. Tuliichagua sisi, kwa kuwa ilikuwa karibu na hospitali.

Basi leo asubuhi nilishuka kwenye ghala la magodoro. Miaka yote hii natazama ukuta wao, sikujua wenye ghala ni watu wazuri. Walikuja wapakiaji wanne. Tukamweka baba kwenye kiti changu cha kuchorea ramani, tukamfunga kwa mapazia ya sebuleni, wakambeba. Kila sehemu ya ngazi yenye nafasi ya kutua waliuliza, mzee, tupumzike? Akasema bado. Ghorofa ya pili walikuwa wanatoka jasho na kumwomba kwa heshima zote. Bado. Walimfikisha barabarani wanacheka mpaka miguu haina nguvu. Fundi cherehani alitangulia mbele anafungua milango kama bibi harusi anapita. Yule dereva wa basi la buluu alitupatia kiti cha mbele, anasema ni kwa ajili ya breki.

Naandika haya nikiwa mizani. Ni Jumamosi, na mimi nakujua. Tumekaa nje ya kantini, upande ambao lazima upite kabla ya kugeuza. Mama wa kantini amempa baba blanketi na anakusifu sana, anasema una adabu, hukumuuza ndugu yako. Gari la ofisi limeshakuja kunichukua, dereva anakula taratibu kwa sababu nimemwomba.

Nisikilize vizuri. Sikuleti ghorofani. Ukitaka kugeuza, geuza, ila geuza na baba akiwa ndani. Teremka naye kwa Kidevu, akae chini ya kivuli asikie spana zikianguka. Mlaze kwenye kitanda chake alichokitengeneza mwenyewe. Pazia linafunga vizuri, umeniambia. Mfuko mweusi una nguo, mwekundu una dawa, na humo nimeandika saa zake. Atakushika mkono. Mpe spana badala yake, ataishika hiyo. Nilijaribu na mwiko, inafanya kazi. Kikosi kikimaliza nitarudi, nitashika zamu na mimi, popote mtakapokuwa mmeegesha.

Usipotokea leo, nitamrudisha. Siwezi kumwacha hapa, unanijua. Wapakiaji watapanda naye tena ghorofa ya nne, gari la ofisi litaondoka bila mimi, na sitakuandikia kukulaumu. Nitakuwa sina tena la kuandika.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikuona nitalia na maneno yote yatapotea. Barua hii naitia mfuko wa koti la baba, ule wa kushoto, ili akupe mwenyewe.

Tangu tukae hapa tunasikiliza injini zinazopanda kutoka upande wenu. Mimi gari kwangu ni gari. Yeye amefumba macho. La kwanza nilimuuliza, ni yeye? Akasema bado, na likapita lori la mbao. La pili nikamuuliza, akasema bado, likapita basi. Sasa kuna lingine chini huko kwenye kona, linapanda polepole kwa gia ya pili, linakohoa kidogo halafu linajirekebisha. Nimemuuliza. Hakujibu. Amefumbua macho na anahangaika kufunga kifungo cha juu cha koti kwa mkono mmoja, ule wa kushoto, na amekataa nimsaidie.

Dada yako